Redio Kando ya Mizani
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Bariadi na Mkoa wa Simiyu



Wapo wazee hapa Bariadi waliokuwa vijana katika miaka ya 1970, nao wanaikumbuka saa ambayo redio ilinyamazisha mji mzima wa mtu. Habari zikiisha kusomwa kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam, mtangazaji hakukimbilia muziki. Yalifuata Mazungumzo Baada ya Habari, dakika chache ambazo mtu mmoja alilishika jambo moja akalieleza mpaka likaeleweka. Paul Sozigwa alikuwa miongoni mwa wale ambao sauti zao zilijulikana nchi nzima kwa sababu ya kipindi hicho. Habari zilisema nini kimetokea. Mazungumzo yalisema kwa nini kimetokea, na kinamhusu nani.

Mambo yaliyozungumzwa hayakuwa ya kijijini. Yalikuwa mambo ya Rhodesia na Afrika Kusini, ya Msumbiji kabla na baada ya uhuru wake wa 1975, ya mataifa makubwa na silaha zao. Mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yake, na katika miezi michache bei ya mafuta ulimwenguni ikawa kama mara nne ya ilivyokuwa. Mkulima wa Nkololo aliyekuwa akisikiliza hakuhitaji kumshuku mwenye duka kwamba ndiye peke yake aliyepandisha bei ya mafuta ya taa. Alijua shida ilikoanzia. Hakuweza kuiondoa, lakini hakugombana na asiyestahili.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloletwa mbele ya vyama leo. Chama cha wakulima wa pamba huuza mali ambayo bei yake haitungwi Bariadi, wala Dar es Salaam, bali katika masoko ya mbali. Habari za masoko hayo hufika kwa redio kila siku. Chama kisichozisikiliza kwa pamoja, na kuzieleza kwa pamoja, hujikuta kikigombana penye mizani kwa jambo lililotendeka ng'ambo ya bahari; na anayeumia kwanza katika ugomvi huo ni katibu.

Redio ya umma katika nchi hii ina umri wa kutosha. Ilianza 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, na kazi yake hivi leo imo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, yaani TBC. Majina yamebadilika, wajibu wa kumweleza mwananchi mambo ya dunia haukubadilika.

Lakini kusikiliza nako kuna historia yake, na historia hiyo ni tajiri kuliko ya mitambo. Nchini Kanada, kuanzia 1941, wakulima walikusanyika jioni moja kila juma nyumbani kwa jirani, wakasoma karatasi waliyotumiwa, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaandika majibu yao na kuyapeleka kwa wenye redio. Mwaka 1956 India ilijaribu utaratibu kama huo katika vijiji vya eneo la Poona. Tanzania nayo iliuchukua, na kuukuza kuliko walivyotazamia wengi. Mwaka 1969 kilianza kisomo cha redio kilichoitwa Kupanga ni Kuchagua, juu ya Mpango wa Pili wa Maendeleo. Kikafuata Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, na Wakati wa Furaha mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowaingiza watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Na mwaka 1975 Chakula ni Uhai.

Yafaa kuutazama kwa makini utaratibu wa Mtu ni Afya, maana wengi wanaukumbuka wimbo na kuusahau utaratibu. Kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa. Kilikuwa na kijitabu. Kilikutana kwa majuma 12, kila juma kipindi kimoja. Redio ilipofunguliwa watu walinyamaza. Redio ilipofungwa kijitabu kilisomwa kwa sauti, kwa faida ya wasiojua kusoma. Kisha ukaja mjadala, na mwisho wa mjadala ni azimio: vyoo vichimbwe, madimbwi yafukiwe, nyasi zifyekwe. Redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Choo kilichimbwa na mjadala uliofuata redio.

Hali kadhalika, dosari ya wakati ule nayo isifichwe. Sauti ilikuwa ikishuka, haikuwa ikipanda. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa, wakulima wa kanda hii, ambao baba zao walivijenga tangu siku za Paul Bomani na vyama vya wakulima wa pamba vya Jimbo la Ziwa, walipashwa habari tu. Hapakuwa na kipindi cha kuwauliza wanachama. Sheria ya kuvirudisha vyama ilipitishwa 1982, na vyama vikuu vikasimama tena 1984, lakini miaka ile minane ilitosha kuvunja mazoea mengi mema, na mojawapo lilikuwa hili la kukutana kusikiliza na kujadili. Vyama vilirudi na mizani na madaftari. Redio haikurudi chini ya mti.

Hivi leo redio hazipungui. Tangu sheria ya utangazaji ya 1993 vituo vya watu binafsi vimeongezeka, na msikilizaji wa Dutwa au Lagangabilili huchagua baina ya TBC Taifa, vituo vya Mwanza, na Sibuka FM iliyo hapa jirani Maswa. Simu ya mkononi nayo ina redio ndani yake. Walakini kila mtu husikiliza peke yake, sikioni mwake, na aghalabu husikiliza mpira. Mpira si dhambi. Shida ni kwamba habari ya dunia husikika vipande vipande, mmoja amesikia mwanzo, mwingine mwisho, wa tatu amesimuliwa na wa pili. Na zikikutana penye mizani zinakuwa habari tatu zisizofanana.

Sasa na tuutazame msimu wa 2019, maana hakuna katibu wa Simiyu asiyeukumbuka.

Mwaka mmoja kabla yake, katika msimu wa 2018, serikali ilikuwa imeelekeza kwamba pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS. Chama kikawa ndicho uso wa biashara yote: pamba inaletwa chamani, inapimwa na karani wa chama, stakabadhi inaandikwa na chama, na fedha inangojwa mlangoni pa chama. Mei 2019 ikatangazwa bei ya shilingi 1,200 kwa kilo. Redio zote zikaitangaza. Mkulima aliposikia 1,200 alisikia ahadi. Akaleta pamba, akapewa stakabadhi, akarudi nyumbani kungoja. Akangoja Juni. Akangoja Julai. Agosti Maonesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika hapa hapa Nyakabindi, wageni wakaja kutoka kila mkoa, huku pamba nyingi ikiwa imerundikwa maghalani na wenye pamba hawajalipwa. Ada za shule zilikuwa zikidaiwa. Wako waliouza ng'ombe ili watoto wasirudishwe nyumbani.

Katika miezi hiyo maneno yaliyosikika vyamani yalikuwa ya namna moja. Mama mtu mzima husimama mbele ya meza: "Katibu, mwanangu, redio ilisema elfu moja mia mbili. Fedha yangu iko wapi?" Katibu hujibu: "Mayu, mnunuzi hajaleta." Naye kijana aliyesimama nyuma husema, si kwa sauti kubwa sana, ila ya kutosha kusikika: "Hajaleta, au ameleta ikaliwa?" Neno kama hilo likishatoka halirudi. Wapo makatibu waaminifu ambao heshima yao haikupona tena baada ya msimu ule, na wapo wasio waaminifu waliojificha nyuma ya shida ya kweli. Mkaguzi anaweza kuwatenganisha kwa kusoma vitabu vya hesabu. Mwanachama wa kawaida hakuwa na njia ya kuwatenganisha, kwa kuwa hakujua kilichotokea nje.

Kilichotokea nje kilitangazwa redioni, tena mapema. Tarehe 6 Julai 2018, katika ugomvi wa biashara baina ya Marekani na China, China iliweka ushuru wa asilimia 25 juu ya bidhaa nyingi za Marekani, na pamba ikiwamo. Wakati huo Marekani ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa wa pamba katika soko la dunia, na China ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa. Muuzaji mkubwa alipofungiwa mlango kwa mnunuzi mkubwa, pamba yake ilikwenda kutafuta wateja mahali pengine, ikakutana huko na pamba ya wengine, na ya Simiyu ikiwamo. Tena viwanda vya nguo vya China, ambavyo nguo zake zilitishiwa ushuru Marekani, vikapunguza manunuzi. Tarehe 1 Agosti 2019 Rais wa Marekani akatangaza ushuru mwingine zaidi kwa bidhaa za China. Bei ya pamba ya dunia, iliyopita senti 90 za dola kwa ratili katikati ya 2018, ilikuwa karibu senti 70 ilipofika Agosti 2019.

Hapo ndipo panapotaka kalamu na karatasi. Kipindi cha redio husema "senti 70 kwa ratili", na msikilizaji wa Bariadi hupitwa, maana yeye hapimi kwa ratili, hauzi nyuzi, wala halipwi dola. Hesabu yenyewe si ngumu kwa mtu aliyemaliza darasa la saba.

Kilo moja ina ratili 2.2. Basi senti 70 kwa ratili ni senti 154 kwa kilo ya nyuzi. Lakini mkulima huuza pamba mbegu, si nyuzi. Na kilo moja ya pamba mbegu, ikipita kinuni, hutoa kadiri ya gramu 350 za nyuzi, iliyobaki ikiwa ni mbegu na takataka. Kwa hiyo kilo ya mkulima ina nyuzi za thamani ya senti 54 za dola. Dola katika 2019 ilikuwa kiasi cha shilingi 2,300. Zidisha: shilingi 1,242.

Yaani nyuzi zote zilizomo katika kilo moja ya pamba ya Simiyu zilikuwa na thamani ya shilingi 1,242 katika soko la dunia, na bei iliyotangazwa ilikuwa 1,200. Tena bei hiyo ya dunia si bei ya pamba iliyo ghalani Bariadi. Ni bei ya robota lililokwisha kufikishwa bandari za Mashariki ya Mbali. Kabla ya kufika huko pamba imechambuliwa, imefungwa, imesafirishwa kwa lori mpaka Dar es Salaam na kwa meli kuvuka bahari. Mnunuzi amelipa riba ya benki, ushuru wa halmashauri, ushuru wa chama, na makato ya mbegu na dawa. Upande wa pili wa hesabu ana fedha ya mbegu anazouzia viwanda vya mafuta, na hiyo si haba; lakini ni vigumu kuona jinsi ambavyo ingeweza kubeba gharama hizo zote. Ndiyo maana wanunuzi walisita, benki zikasita kuwakopesha, na serikali ikalazimika kuingia kati ya wanunuzi na benki ili pamba itoke maghalani.

Hesabu hii haisemi kwamba wanunuzi walikuwa malaika. Haisemi kwamba 1,200 ilikuwa bei kubwa kwa jasho la mkulima. Kwa jasho lake ilikuwa ndogo. Inasema tu kwamba mwanachama aliyekuwa na karatasi hii mkononi mwezi wa Juni 2019 angekuwa na maswali bora ya kuuliza. Badala ya kumwuliza katibu "umeila?", angeliuliza: Je, chama kimeweka mkataba na mnunuzi juu ya siku ya kulipa? Kwa nini pamba inapokewa kabla ya fedha kuonekana? Je, yafaa kuleta yote leo, au kuleta sehemu na kuihifadhi nyingine mahali pakavu? Hayo ni maswali ya ushirika.

Msimu uliofuata unathibitisha hesabu yenyewe. Katikati ya 2020, ugonjwa wa korona ukiwa umefunga viwanda vya nguo, bei ya dunia ilikuwa kwenye senti 65 hivi. Kwa hesabu ile ile kilo ya pamba mbegu ilikuwa na nyuzi za shilingi 1,150 hivi. Bei iliyotangazwa safari hii ilikuwa shilingi 810. Soko la dunia lilikuwa limepungua kidogo tu kuliko Agosti ya mwaka uliotangulia, lakini bei ya mkulima ilipungua kwa karibu shilingi 400. Walionuna walikuwa na haki ya kununa. Hata hivyo, aliyejua hesabu aliona wazi kwamba bei ya 2020 ilikuwa imeacha nafasi ya gharama, na bei ya 2019 haikuiacha. Kama nafasi iliyoachwa ilikuwa kubwa mno, hilo ndilo lililostahili kuhojiwa katika mkutano, kwa tarakimu.

Jambo la pili ambalo redio hufundisha, kwa anayesikiliza mwaka mzima, ni majira ya habari. Machi 2011 bei ya pamba ya dunia ilikuwa juu ya dola 2 kwa ratili, jambo ambalo halikuwa limeonekana kabla ya mwaka huo. Mafuriko ya Pakistan ya 2010 yalikuwa yameharibu pamba, India ilikuwa imezuia sehemu ya mauzo yake ya nje, na viwanda vya China vilikuwa vikitafuta nyuzi kila mahali. Habari hiyo ilivuma sana. Lakini mwezi wa Machi pamba ya Simiyu bado imo shambani. Huvunwa kuanzia Mei hivi. Kufikia Julai 2011 bei ya dunia ilikuwa imeshuka karibu nusu. Mtu aliyeisikia habari ya Machi na asisikie ya Julai alikaa juu ya pamba yake akingoja utajiri uliokwisha kupita. Habari ya bei ni kama maziwa: huulizwa yamekamuliwa lini.

Yapo mambo makubwa zaidi, yale yanayoonekana kuwa ya wakubwa peke yao. Mwaka 2002 Brazil iliishitaki Marekani mbele ya Shirika la Biashara la Dunia kwa sababu ya ruzuku ambayo serikali ya Marekani iliwapa wakulima wake wa pamba, wakazalisha kwa wingi na kuiangusha bei ya wote. Mwaka 2003 nchi nne za Afrika, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilipeleka malalamiko hayo hayo katika mkutano wa Cancún. Brazil ilishinda kesi yake, na mwaka 2014 shauri likamalizwa kwa Marekani kulipa dola milioni 300 kwa ajili ya wakulima wa pamba wa Brazil. Wakulima wa Afrika hawakuwa na fungu katika malipo hayo. Miaka yote 12 ya shauri hilo lilitajwa redioni mara kwa mara, na ni mikutano mikuu mingapi ya vyama vya pamba iliyopata kulizungumza hata kwa nusu saa? Mjumbe wa chama kikuu anayekwenda kuonana na mbunge wake, au na Bodi ya Pamba, hana sababu ya kwenda bila kulijua.

Hapo huja swali la lugha, nalo lisipuuzwe. Kwa kanuni za nchi, vituo vya redio hutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza. Ni jambo jema kwa umoja wa taifa. Lakini wapo wanachama, hasa kina mama na wazee wa Itilima na Meatu, ambao huelewa Kiswahili cha dukani na hupotea katika Kiswahili cha "mdororo wa uchumi" na "vikwazo vya kibiashara". Kazi ya kuyavusha maneno hayo mpaka Kisukuma haiwezi kufanywa na mtangazaji aliye Dar es Salaam. Ni ya chama. Katibu anayeweza kueleza kwa Kisukuma kwa nini ushuru wa China umeishusha pamba ya Mwanhuzi amefanya kazi ya elimu ya ushirika kama ile iliyotolewa katika Chuo cha Ushirika Moshi tangu kilipofunguliwa 1963, na amejilinda mwenyewe pia.

Watasema wengine kwamba habari za dunia zimezoeleka kusikilizwa kutoka idhaa za nje. Ni kweli. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, na redio ya Ujerumani, Deutsche Welle, mwaka 1963, na kanda hii ilizisikiliza kwa uaminifu, hasa nyakati za vita na za uchaguzi. Idhaa hizo zimefanya kazi nzuri. Lakini mwenye ngoma ndiye mwenye kuianua. Machi 2025 serikali ya Marekani iliamua kuisimamisha Sauti ya Amerika, na msikilizaji wa Kiswahili hakuulizwa, kama vile mwanachama hakuulizwa mwaka 1976. Tofauti ni kwamba kwa redio ya umma ya nchi yake mwanachama ana pa kusimama na kudai. Anaweza kuiandikia, kuipigia simu, kumtuma mbunge aulize kwa nini saa za mazungumzo ya maana zimepunguzwa, kwa nini bei ya dunia ya pamba haisomwi kila juma kama matokeo ya mpira yanavyosomwa kila siku. Redio isiyodaiwa hujaza saa zake kwa kilicho rahisi.

Tena kuna kipindi na kuna tangazo. Mnunuzi wa pamba, au muuzaji wa dawa za wadudu, anaweza kulipia nusu saa ya redio, akaja na mtangazaji mwenye sauti ya habari, akasifu mali yake. Si kosa, ni biashara. Ila kikundi kinachosikiliza hakina budi kuulizana mara kipindi kinapokwisha: aliyesema ni nani, na nani amelipia? Na ujumbe unaozungushwa katika simu bila jina la aliyeuandika usiingizwe kabisa katika majadiliano ya chama mpaka usikike mahali penye jina.

Kwa chama kitakachotaka kuanza, vifaa ni vichache: redio moja yenye betri, ubao, daftari moja la mistari, na siku moja ya juma isiyo ya gulio. Wajumbe wa bodi waihudhurie kwa zamu, pasiwe na mtu wa kusema kwamba hilo ni jambo la katibu. Kipindi kichaguliwe mapema, kile cha uchumi au cha mambo ya dunia, na asiyekuwapo asimuliwe na daftari, si na jirani. Kuanzia mwezi wa Machi mpaka Septemba ubaoni paandikwe tarakimu tatu na tarehe yake: senti kwa ratili, shilingi kwa dola, na jibu la hesabu iliyoelezwa hapo juu. Hesabu ifanywe na mwanachama, mbele ya wenzake. Katibu asimame kando. Kijana wa sekondari aliye likizo aitwe aje kuzidisha na kugawanya, nyanya yake akitazama.

Mjadala uandikwe. Jina la kipindi, tarehe, waliohudhuria, lililosemwa, lililobishaniwa. Daftari hilo likae pamoja na kitabu cha kumbukumbu za mikutano, na mkaguzi aonyeshwe akifika. Siku ambayo fedha itachelewa tena, nalo ni jambo linaloweza kutokea msimu wowote, ukurasa wa tarehe fulani utaonyesha kwamba chama kilijua, kilizungumza, na kiliamua hivi au vile, na nani alikuwapo.

Na mwishoni mwa kila ukurasa yaachwe mapengo mawili kwa maswali ambayo kikundi hakikuweza kuyajibu. Moja lipelekwe kwenye kituo cha redio, kwa barua au kwa simu ya kipindi, likiwa na jina la chama na la kijiji. La pili liletwe Chama Kikuu. Maswali yaletwe kabla ya mkutano mkuu, ili yasomwe pale mbele ya wajumbe wote, pamoja na majibu yatakayokuwa yamepatikana, na yale ya redio yaliyokaa bila jibu yatajwe pia, kwa jina la kituo na tarehe ya barua.